Nyumba na Jamii: Nyumba Njema Si Mlango



 Mwezi uliopita tulizungumzia watoto wetu na lugha ya Kiswahili, na tunawashukuru wote waliotuletea maoni yao, wachache kwa barua na wengi kwa kutusimamisha mlangoni mwa msikiti. Mwezi huu tunatoka kwa wadogo tunakwenda kwa wakubwa. Tunataka kuzungumza juu ya wazee wetu tunaoishi nao katika nchi hii ya Uingereza, na juu ya dhuluma ambayo baadhi yao wanaipata ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Tunajua kwamba maneno haya ni mazito. Tulipokutana kupanga toleo hili, mmoja wetu aliuliza, "Jee, hatutakuwa tunawafichua watu wetu?" Tulikaa kimya kwa muda. Kisha mwengine akajibu kwa methali ambayo sote tumelelewa nayo, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo tukakubaliana kuandika.

YALIYOTUKUTA SISI

Palikuwa na bibi mmoja, umri wake miaka sabini na kitu, ambaye kwa muda mrefu alikaa na mumewe katika fleti ya kaunsili isiyo mbali na msikiti. Hatutamtaja, na mambo madogo madogo tumeyabadilisha ili asijulikane. Mumewe alipofariki, mwanawe alimchukua akakae naye. Sote tulimsifu kijana yule. Tulimsifu matangani, tukamsifu Ijumaa, na kina mama wakawa wanamtolea mfano kwa watoto wao. Bibi akarudisha funguo za fleti, akagawa vyombo vyake, akahamia chumba cha juu katika nyumba ya mwanawe.

Mwanzoni alikuwa akija msikitini kila Ijumaa. Baadaye akawa anakuja Ijumaa moja na kukosa mbili. Siku moja, kina mama wakitia udhu, alimwomba mmoja wetu pauni tano za kununulia soksi za baridi. Tulimpa, na alipoondoka tukacheka, tukasema kwamba wazee wakishapata pensheni huwa mabahili. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye pensheni yake hana pauni tano mkobani.

Baridi ilipoingia hakuonekana tena. Tulipomwuliza mwanawe, alitujibu, "Hajambo, ni baridi tu." Tukaitika. Miezi minne ikapita kwa jawabu hilo.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani, dada mmoja katika jamaa yetu alimpelekea futari. Mlango ulifunguliwa na mjukuu, naye hakujua kama amruhusu mgeni kupanda juu au asimruhusu. Dada akapanda. Alimkuta bibi amekaa kitandani na koti lake la nje, hita imezimwa, na juu ya kimeza sahani ya mkate uliokauka. Kucha zake zilikuwa ndefu. Nguo zake, ambazo sote tulizijua kwa harufu ya udi, zilikuwa zikinuka mkojo. Simu yake ilikuwa imechukuliwa kwa sababu, aliambiwa, alikuwa akipiga nyumbani na kuleta gharama. Bibi alipomwona mgeni wake hakulalamika hata kwa neno moja. Aliuliza tu, "Mbona hamkunijia?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Bibi hakumtaja mwanawe. Alituuliza sisi.

Yaliyobaki yalitoka kidogo kidogo, katika ziara ya pili na ya tatu. Kadi yake ya benki ilikuwa mikononi mwa mwanawe tangu wiki ya matanga, pamoja na namba yake ya siri. Fedha alizokuwa ameziweka kwa miaka mingi, pauni kumi leo na ishirini kesho, ili aende kuhiji, zilikuwa zimetolewa. Karatasi aliletewa akatia saini bila ya kusomewa. Na kila alipomaliza kueleza jambo aliongeza, "Lakini mwanangu si mbaya."

Nasi baada ya kumjua vizuri zaidi yule kijana, tunasema hivyo hivyo. Alikuwa na deni kubwa alilomficha mkewe, akifanya kazi usiku na kulala mchana, na mkewe ana watoto wanne na maumivu ya mgongo. Walianza kwa nia njema. Lakini nia njema haikumpa bibi chakula cha moto, wala haikurudisha fedha zake za Hijja. Dhuluma ni dhuluma hata ikitoka kwa mtu tunayempenda.

DHULUMA YA MZEE NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno dhuluma tunafikiri juu ya kupigwa. Kumbe kupigwa ni mlango mmoja tu. Wataalamu wa mambo haya wanaita dhuluma ya mzee kitendo chochote, kikiwa kimefanywa mara moja au mara nyingi, au hata kuacha kutenda linalopasa, kutoka kwa mtu ambaye mzee anamwamini, kikamletea mzee madhara au dhiki. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba katika kila watu sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hufikwa na dhuluma ya namna fulani katika muda wa mwaka mmoja. Kwa hivyo hili si jambo la watu wetu peke yao, wala si jambo la Wazungu peke yao. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 15 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbushana juu yake.

Aina zake ni nyingi, nasi tutazitaja zile zinazotuhusu zaidi.

Ya kwanza ni dhuluma ya mwili: kupiga, kusukuma, kubana mkono, kumfungia mzee chumbani, au kumpa dawa ya usingizi ili asisumbue.

Ya pili ni dhuluma ya ulimi na ya moyo: kumkemea mbele ya wajukuu, kumwita mzigo, kumtishia kwamba atapelekwa katika nyumba ya wazee au atarudishwa kwao, au kukaa naye siku nzima bila ya kumsemesha.

Ya tatu ni dhuluma ya mali: kuchukua pensheni yake, kutumia kadi yake, kumlazimisha auze kiwanja au nyumba aliyoiacha nyumbani, au kumtilisha saini asiyoielewa. Hii ndiyo tunayoihalalisha kwa wepesi zaidi, tukisema, "Si mama yangu? Chake si changu?" La, ndugu zetu. Mali ya mzazi ni ya mzazi maadamu yu hai, na mirathi huanza baada ya mazishi.

Ya nne ni kutelekezwa: kuachwa na njaa, na uchafu, na baridi, kukosa dawa, miwani au meno yake ya bandia, kuachwa kitandani mpaka mgongo ukafanya vidonda.

Ya tano ni kuvunjiwa heshima ya mwili: kuguswa asivyotaka, au kuoshwa na kuvuliwa nguo na mtu asiyefaa kuona utupu wake.

Na iko nyengine tunayopenda kuiongeza kwa kuwa tunaiona sana katika jamii yetu. Nayo ni kumleta mzazi kutoka nyumbani, au kumtoa katika nyumba yake hapa hapa, akawa yaya asiye na mshahara. Bibi kulea wajukuu wake ni baraka na ni furaha kwake mwenyewe. Lakini anayeamka alfajiri kuwashughulikia watoto watatu, akapika, akafua, na akiumwa anaambiwa anajifanya, na pasipoti yake imefungiwa kabati la mtu mwengine, huyo halei wajukuu. Huyo anatumikishwa.

DALILI ZA KUANGALIA

Wazee wetu hawalalamiki. Wamelelewa kusema "Alhamdulillahi" hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hivyo tusingoje waseme, bali tuangalie.

Tuangalie mwili: alama za kubanwa mikononi, michubuko inayoelezwa kila mara kwa kuanguka, kukonda kwa haraka, nguo zisizofuliwa. Tuangalie mwenendo: mzee aliyekuwa mchangamfu amekuwa kimya, anashtuka mtu fulani akiingia, anamtazama mwanawe kabla ya kujibu swali dogo. Tuangalie mali: mtu mwenye pensheni hana hata fedha ya soksi, barua za benki hazioni, kuna wasia mpya au saini mpya asiyoikumbuka. Tuangalie na mlango pia. Ikiwa kila tunapotaka kumzuru tunaambiwa amelala, na kila tukipiga simu anajibu mtu mwengine, na hatuachwi naye peke yetu hata dakika tano, basi lipo jambo.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Wazee huanguka kweli, na wengine hupatwa na maradhi ya kusahau, wakadai kwamba wameibiwa kitu walichokificha wenyewe. Hatumwiti mtu dhalimu kwa michubuko miwili. Tunachotakiwa ni kurudi tena, kuuliza kwa upole, na kusikiliza. Na mzee mwenye maradhi ya kusahau anastahiki kusikilizwa vile vile, kwani huyo ndiye aliye rahisi zaidi kudhulumiwa.

KWA NINI TUNANYAMAZA?

Kila tulipozungumza na watu juu ya makala haya tulisikia sababu zile zile. Tunapenda kuzijibu kwa heshima.

Wako wanaosema kwamba dini inatuamuru kusitiri aibu za Waislamu. Ni kweli, na sitara ni jambo tukufu. Lakini sitara ni ya kosa la mtu baina yake na Mola wake. Mtu anapomdhulumu mwengine, kuna haki ya aliyedhulumiwa, na kumsitiri dhalimu huwa ni kumsaidia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ndiye mwenye kudhulumu, na akabainisha kwamba msaada wa dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Na katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, tumekatazwa hata mguno wa kuchoka mbele ya wazazi waliozeeka. Ikiwa mguno umekatazwa, tuseme nini juu ya chumba kisicho na joto?

Wako wanaoogopa kwamba wakisema, kaunsili itamchukua mzee na kumtia katika nyumba ya watu wasiojua halali wala haramu. Hofu hii tunaifahamu, lakini sheria haiko hivyo. Tutaieleza hapa chini.

Wako wanaohofia karatasi za uhamiaji. Tangu Julai 2012 kanuni za kumleta mzazi hapa zimekuwa ngumu mno, na mtoto anayemleta mzazi wake kwa njia hiyo hutia saini ahadi ya kumtunza kwa miaka mitano bila ya kutegemea fedha za serikali. Kwa hivyo mzazi hudhani kwamba hana haki yoyote, na akisema neno atatiwa ndegeni. Tunasema wazi kwamba kumlinda mzee na dhuluma na kumlipa posho ni mambo mawili mbalimbali. Wajibu wa kaunsili kuchunguza dhuluma unamhusu mtu aliye katika eneo lake, na hauanzi kwa kuuliza rangi ya pasipoti.

Na wako, nao ndio wengi, wasiosema kwa sababu moyoni wanajua kwamba wao wenyewe wamechoka, na wanaogopa kidole wakinyooshacho kisiwarudie. Hao tutawarudia kabla ya kumaliza.

SHERIA INASEMAJE?

Tunazungumza juu ya England, kwani Scotland ina sheria yake ya mwaka 2007 na Wales ina yake ya mwaka 2014, ingawa makusudio yanafanana.

Katika England iko sheria ya mwaka 2014 iitwayo Care Act. Kifungu chake cha 42 kinailazimisha kaunsili kufanya uchunguzi, au kuhakikisha kwamba umefanywa, pale inapoona sababu ya kuamini kwamba mtu mzima mwenye haja ya kutunzwa anadhulumiwa au yumo hatarini, na hawezi kujilinda mwenyewe kwa sababu ya hali yake. Sheria hiyo hiyo inampa mzee haki ya kupimwa mahitaji yake, na inampa vile vile yule anayemtunza haki ya kupimwa yake. Kupimwa huko hakulipiwi.

Iko na sheria ya mwaka 2005 juu ya uwezo wa mtu kujiamulia. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba kila mtu mzima ahesabiwe kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vyengine, na kwamba kufanya uamuzi tusioupenda si dalili ya kupungukiwa na akili. Maana yake ni kwamba mzee mwenye akili zake hachukuliwi nyumbani kwa nguvu kwa sababu tu afisa ameona hivyo. Yeye ndiye anayeulizwa anataka nini. Kwa upande mwengine, kumtesa au kumtelekeza kwa makusudi mtu unayemtunza ambaye amepoteza uwezo huo ni jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano.

Na kuhusu fedha: mzee akitaka mwanawe amsimamizie mambo yake, iko njia ya halali. Ni hati ya uwakala, ambayo mzee huiandika yeye mwenyewe akiwa bado na akili zake, mbele ya mtu anayethibitisha kwamba hakulazimishwa, kisha ikaandikishwa katika ofisi ya serikali iitwayo Office of the Public Guardian. Wakili huyo analazimika kutumia mali kwa maslahi ya mzee, na akiitumia vibaya ofisi hiyo inaweza kumchunguza. Wasomaji wetu, jambo hili halina ugeni kwetu. Wakala na amana ni milango mikubwa katika fiqhi. Kadi ya benki iliyotiwa mfukoni siku ya matanga si wakala.

WAPI PA KUKIMBILIA?

Ikiwa mzee yumo hatarini wakati huu, ameumizwa au anatishiwa, tupige 999. Anayepiga kwa simu ya mkononi na hawezi kusema asikate simu. Asikilize, na akiambiwa, abonyeze 55. Ikiwa si dharura lakini kuna kosa la jinai, polisi wanapatikana kwa 101.

Ikiwa hakuna hatari ya papo hapo, tuipigie kaunsili ya mji anaokaa mzee, tuombe idara inayohusika na watu wazima, tuseme kwamba tuna wasiwasi na usalama wa mzee. Maneno ya Kiingereza ya kutaja ni "adult safeguarding". Hatuhitaji kuwa na ushahidi, na si kazi yetu kuutafuta. Tueleze tulichokiona, siku tuliyokiona, na maneno ya mzee kama alivyoyasema.

Daktari aliyeandikishwa kwake mzee ni mlango mwengine, na kwa wazee wengi ndio mwepesi zaidi, kwani hakuna anayeshangaa mzee akienda kwa daktari. Hapo pana nasaha moja kubwa. Tuombe mkalimani, ambaye mgonjwa halipishwi. Mzee asifasiriwe na mwanawe, wala na mkaza mwana, wala na mjukuu wa miaka kumi na miwili. Mtu hawezi kumshitaki mfasiri wake kwa ulimi wa mfasiri huyo huyo. Tulete pia ombi la mkalimani wa mbali, asiyetoka katika jamaa zetu, kwani bibi zetu wanajua kwamba Kiswahili cha mji huu kina watu wachache na masikio mengi.

Anayetaka kuuliza tu kabla ya kuchukua hatua awapigie Age UK, namba 0800 678 1602, kila siku kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 1 usiku. Mwanamke anayepigwa au kutishwa na mtu wa nyumbani, hata akiwa na miaka 80, anaweza kupiga namba 0808 2000 247 wakati wowote, usiku na mchana. Simu hizi hazilipiwi. Na mwenye shaka juu ya karatasi zake za uhamiaji asiombe posho yoyote kabla ya kupata ushauri, kwani ombi lisilo mahali pake linaweza kumharibia viza. Aende kwanza Citizens Advice au kwa wakili.

Anayekaa katika nyumba ya kutunzia wazee, akaona au akaonewa jambo, njia ni ile ile ya kaunsili. Na nyumba zote hizo katika England zinaandikishwa na kukaguliwa na chombo kiitwacho Care Quality Commission, ambacho hupokea habari kutoka kwa jamaa.

Na tukishazungumza na mzee, tusimwahidi kwamba siri yake haitatoka kabisa. Tumwambie ukweli: "Bibi, nitamweleza mtu anayeweza kutusaidia, na hatutafanya jambo bila ya kukuuliza." Wala tusimkabili mtuhumiwa kwa hasira. Sisi tukishaondoka, mzee ndiye atakayebaki naye usiku.

KWA WEWE UNAYETUNZA

Sasa tunakurudia wewe ndugu yetu, au dada yetu, unayemtunza mzazi au mkwe, unayesoma safu hii usiku baada ya kumgeuza na kumbadilisha nguo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tuliokaa nje ya mlango wako tumekuwa wepesi wa kukusifu na wazito wa kukusaidia.

Kuchoka si dhambi. Huko nyumbani mzee alikuwa na nyumba nzima: shangazi, binamu, jirani anayeingia bila ya kubisha hodi. Hapa ameachiwa mtu mmoja, aghlabu mkaza mwana, ambaye ana kazi, watoto na gari la moshi la saa moja kasoro robo. Ukijiona umeanza kumjibu mama kwa ukali, au umeanza kuogopa mkono wako mwenyewe, basi hiyo ndiyo siku ya kuomba msaada. Iombe kaunsili ikupime wewe kama mtunzaji. Uliza juu ya mtu wa kuja asubuhi kumwosha mzee, na uombe awe mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume. Uliza juu ya kituo cha mchana cha wazee. Uliza juu ya posho iitwayo Attendance Allowance, ambayo hapa England mzee aliyefika umri wa pensheni na kuhitaji msaada huipata bila ya kuangaliwa ana akiba kiasi gani, maadamu karatasi zake zinaruhusu. Posho hiyo ni ya mzee. Mtunzaji ana yake, kwa masharti yake.

Kuomba msaada huu si kumtupa mzazi. Kumleta mtu wa kumwosha mama ili wewe upate nafasi ya kukaa naye na kumsikiliza ni katika wema kwa mama.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Huenda mnataka kujua habari za bibi yetu. Dada yule aliipigia kaunsili, kwa idhini ya bibi, baada ya kusitasita siku tatu. Alikuja afisa wa ustawi wa jamii pamoja na mkalimani kutoka mji mwengine, wakakaa na bibi peke yake kwa saa nzima. Alipoulizwa anataka nini, hakutaka mwanawe ashitakiwe, wala hakutaka kuhamishwa. Alitaka mambo matatu: kadi yake, mwanamke wa kumwogesha, na kuja msikitini kila Ijumaa.

Yote matatu aliyapata. Mwanawe alilia mbele ya afisa, kisha akalia mbele ya mama yake, na sasa deni lake linajulikana na linalipwa. Mkewe anapumzika siku mbili katika wiki, bibi akiwa kituoni. Fedha za Hijja hazijarudi, na katika umri wake hatujui kama zitarudi mapema. Hilo hatuwezi kulipamba. Zingeokolewa laiti mmoja wetu angejiuliza swali moja siku ile ya pauni tano.

Kwa hivyo tunaleta maombi mawili kwenu, mjadiliane nayo. La kwanza, kila Ijumaa kina mama wawili na kina baba wawili waangalie ni mzee gani hakuonekana, na asipoonekana mara mbili wamwendee nyumbani. Wasiridhike na jawabu la mlangoni. La pili, kila anayezuru mzee akae naye peke yake japo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Wenye kutaka kujitolea waandike majina yao katika daftari lililo karibu na kabati la viatu.

Wahenga wametuambia kwamba nyumba njema si mlango. Sisi tuliusifu mlango kwa mwaka mzima.

Mwezi ujao, inshaAllah, tutazungumzia uandishi wa wasia katika nchi hii na namna ya kuulinganisha na sharia ya mirathi. Wenye maswali watuletee kabla ya Ijumaa ya pili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoona kabla ya kuulizwa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam.